Tepe za Mzee Awadhi

Mzee Awadhi alizikwa Jumanne. Ijumaa iliyofuata mwanawe Salimu aliniletea habari kwamba dukani kuna kitu kinachonihusu, nami nikaenda baada ya sala ya Alasiri, saa ambayo baba yake alizoea kunipokea. Duka halijahama Mtaa wa Narung'ombe, na harufu yake pia haijahama: bafta mpya, kafuri, na kahawa ya tangawizi inayopoa kwenye dele. Salimu ana mvi nyingi kuliko zangu, lakini siku ile alisimama nyuma ya meza ya kukatia vitambaa kama mgeni asiyejua mikono yake aiweke wapi. Alitoa chini ya meza bati la biskuti na kopo la kahawa lenye kifuniko, akavisogeza mbele yangu, akasema baba yake aliagiza nivifungue mimi. Nilivijua vyote viwili. Ndani ya bati mlikuwa na nyaya nyembamba zilizopindwa duara, kila waya na mwaka wake, na kwenye kila waya zilitungwa tepe za bafta zisizozidi upana wa kidole, nyingine nyeupe bado, nyingine zimegeuka rangi ya siagi. Niliutafuta waya mmoja nikaukuta chini kabisa. Tepe zake tatu zilikuwa bado na alama ya wino niliyoitia mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nikaomba kiti.

Mwaka huo Waingereza walikuwa wameshakaa nchini zaidi ya miaka kumi, na mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nipange chumba katika nyumba ya Bi. Chausiku, nyuma kidogo ya soko la Kariakoo. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule wa ukumbi, na uani kulikuwa na jiko la makuti, kisima na mpapai uliozaa kuliko tulivyoweza kula. Chumba changu kilikuwa cha mwisho, karibu na jiko. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza niliyoitengeneza kwa masanduku ya mafuta ya taa, na dirisha dogo lililoleta moshi asubuhi na mazungumzo mchana. Ukuta wa udongo haufichi neno. Kwa hiyo nilijua, bila kuuliza, kwamba Mshamu, hamali aliyepanga chumba kilichopakana na changu, alikuwa anaumwa mgongo lakini hataki wenzake wajue. Na nilijua Bi. Chausiku huzungumza na sufuria zake, akizilaumu kwa jina. Alinipa uji wa mchele kila asubuhi, na jioni wali na kisamvu au papa mkavu aliyemchemsha mpaka chumvi ikaisha. Mimi nilikula chumbani kwangu, nikisoma. Hakulipenda jambo hilo. Alisema mtu anayekula huku akisoma hajui amekula nini wala amesoma nini.

Nilichokuwa nikisoma ni hesabu ya vifo. Nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya wakala wa bima upande wa Uhindini, na karani mkuu wa pale alikuwa Mgoa, Bwana Pereira, mtu mwembamba mwenye kola safi, ambaye kwa miaka sita alikuwa akijifunza fani ya kukadiria maisha na hatari kwa njia ya posta. Masomo yalimjia kwa meli kutoka Uingereza na majibu yake yakarudi kwa meli, na mtihani wa juu ulikuwa umemwangusha mara mbili. Saa ya chakula alifungua kifurushi cha mkate na samaki wa pilipili, akanigawia nusu, akanifundisha. Alianza na jedwali la uhai. Chukua watu laki moja, aliniambia, wote wamezaliwa siku moja, uwafuate mwaka hadi mwaka: mwaka wa kwanza wamebaki wangapi, wa pili wangapi, mpaka afe wa mwisho. Safu moja ni ya walio hai, safu ya pili ni ya waliokufa, na ukigawanya ya pili kwa ya kwanza unapata hatari ya kila umri. Mwenye jedwali hajui nani atakufa. Anajua wangapi. Jambo hilo lilinishika. Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja nikiwatazama watu waliokaa majanini, nikiwaona safu kwa safu, na nikajiona nimepewa macho ambayo wenzangu hawana. Leo, nikimkumbuka kijana yule, namwonea huruma kidogo, na aibu kidogo.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Jangwani paligeuka ziwa, maji yakaingia nyumba za bondeni, na baada ya maji ikaja homa. Mtaa wetu ulikuwa na chama cha kuzikana, kama ilivyokuwa mitaa mingi: akifa mwanachama, wenzake humpatia sanda, humwosha, humbeba, humchimbia. Hakuna lililoogopwa na mtu asiye na ndugu mjini kama kufa nje ya chama, akachukuliwa na gari na kufukiwa na watu wasiojua jina lake. Wiki zile za homa chama kilizika mpaka majembe yakapinda. Walioumia zaidi ni mahamali, kwa sababu ndio waliokuwa na nguvu za kuchimba, na siku ya kuchimba ni siku isiyo na kazi sokoni. Nilimsikia Mshamu kupitia ukuta akiwaambia wenzake kwamba yeye alikuja Dar es Salaam kubeba magunia ya mchele, lakini sasa habebi ila wazee. Walicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha. Wakaanza kusema kwamba chama kimejaa wazee, kwamba mzee huingia leo na kesho anazikwa, na kwamba vijana wenye akili wangejitenga.

Mwenyekiti, Mzee Kondo, seremala mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo, aliitisha mkutano kwenye baraza ya nyumba yetu. Mahamali wakauliza swali moja: mwaka ujao tutazika wazee wangapi? Hakuna aliyejua. Hapo nikasimama. Nikasema lipo jibu, linatafutwa kwa hesabu, na mimi naweza kulitafuta. Mshamu akauliza kama hesabu hiyo inatibu mgongo, watu wakacheka, lakini Mzee Kondo hakucheka. Alinipa mpaka mwezi mmoja kabla ya Ramadhani.

Nilianza na umri wa walio hai, na hilo peke yake lilikuwa kazi ya wiki saba. Karibu hakuna aliyejua mwaka wake wa kuzaliwa. Nikatunga njia yangu. Nilimuuliza mtu alikuwa mkubwa kiasi gani Mjerumani alipopandisha bendera yake mjini, kama alikuwa ameanza kufunga, kama alikuwa ameoa, kama ndevu zilikuwa zimeota; nikauliza tena kuhusu mambo mengine mawili au matatu ambayo kila mtu aliyakumbuka, kisha nikapima majibu yote pamoja. Bi. Chausiku nilimuuliza uani, akiwa anakuna nazi. Habari ya bendera ilimfanya asimamishe mkono. Alisema alikuwa na mtoto mgongoni, wa kwanza, anaota meno, na mtoto alilia kwa sababu ya tarumbeta. Nikaandika: hamsini na nane. Nilipomaliza mtaa mzima, wanachama waliozidi hamsini walikuwa arubaini na wawili.

Yakabaki mahesabu ya waliokufa, na hapo nilikwama, kwa kuwa daftari la chama lilikuwa nyumbani kwa katibu, Jangwani, na maji yalikuwa yamelila. Ndipo Mzee Kondo akanipeleka kwa Mzee Awadhi. Alikuwa Mwarabu wa Kishihiri, wa miaka hamsini hivi wakati huo, mwenye duka la nguo, na sanda zote za chama zilikatwa kwake kwa sababu hakuchukua faida yoyote kwenye sanda. Kila alipokata sanda aliuchana utepe mwembamba wa pindo, akaufunga fundo moja ikiwa ni ya mtu mzima, mafundo mawili ikiwa ni ya mzee, ya mtoto hakuifunga kitu. Tepe za chama chetu alizitunga kwenye waya wake, waya mmoja kila mwaka. Alhamisi baada ya Alasiri aliushika waya kama tasbihi na kuusomea Fatiha, utepe kwa utepe. Nilipomweleza ninachotafuta alinimiminia kahawa, akaniwekea kashata mbili kwenye kisahani, akaniuliza kama bima ni jambo la kumwekea Mungu dhamana. Nikasema ni jambo la kujua mtu ajiandae kiasi gani. Akasema hilo halina ubaya. Nikamuuliza katika miaka mitatu iliyopita amekata sanda ngapi za wazee wa chama. Alishusha nyaya tatu kutoka msumarini akanipa, na mimi nikahesabu mara mbili, moja kutoka kulia na moja kutoka kushoto. Zenye mafundo mawili zilikuwa thelathini na moja.

Wazee arubaini na wawili, miaka mitatu, sanda thelathini na moja. Kila mwaka, karibu mmoja katika kila wanne. Niliiandika namba ile kwa mwandiko mzuri nikampelekea Bwana Pereira. Aliweka mkate chini, akafuta vidole, akaisoma kwa muda mrefu. Kisha alisema kwamba wazee wangu wanakufa kama askari waliotumwa kushambulia kilima, na kwamba niirudie hesabu tangu mwanzo. Nikamjibu kwamba jedwali lake limetengenezwa kwa watu wa Ulaya, wanaokula siagi na kuishi kwenye baridi, na sisi hatuko kama wao. Alinitazama juu ya miwani. Akarudi kwenye mkate wake. Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi katika maisha yangu. Bwana Pereira, Mgoa aliyekuwa hajawahi kukanyaga Kariakoo, hakuamini kwamba watu wetu wanakufa kiasi kile. Mimi niliyeishi nao, niliyekula uji wao, niliamini mara moja. Namba mbaya juu yetu sikuona haja ya kuihoji.

Nikaisoma barazani. Baada ya masika yale hakuna namba iliyoonekana kubwa mno, na Mzee Kondo mwenyewe alisema amechoka kiasi kwamba hakumbuki amezika nani na nani. Mahamali walipiga makofi. Mshamu alinishika bega, akaniita profesa, akasema sasa neno limesemwa na karani na si na wao. Ikapendekezwa kwamba waliozidi hamsini watolewe kwenye orodha, na uamuzi ufanywe katika mkutano ujao, baada ya wiki mbili. Bi. Chausiku alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewaosha wanawake wa chama wanapokufa. Wapo waliokuwa pale barazani ambao aliwaosha mama zao. Aligawa kahawa mpaka kikombe cha mwisho, akaanza na wageni kama ilivyo adabu, akaingia ndani. Nilimsikiliza kupitia ukuta. Siku ile hakuzungumza na sufuria.

Asubuhi hakuniletea uji chumbani. Alitandika mkeka uani akaniita nile pale, na kwa kuwa sikuwa na uso wa kukataa, nilikaa. Alikuwa akipepeta mchele. Nilikunywa vijiko vitatu nikaona uji haupiti. Nikamwambia nililokuwa nimelifikiria tangu alfajiri, na ambalo kwangu mimi, mtu wa usahihi, lilikuwa gumu kuliko lolote nililowahi kusema.

"Bibi, umri wako sina uhakika nao sana. Naweza kuandika arubaini na tisa. Hakuna atakayeuliza."

Ungo ukasimama. "Uliandika ngapi?"

"Hamsini na nane. Lakini nilikisia tu."

"Hukukisia. Uliniuliza habari za bendera, nikakwambia nilikuwa na mtoto mgongoni. Ukaandika." Alichagua kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Yule mtoto nilimzika kabla hajatembea. Ukinipunguzia miaka tisa, bendera inapanda mimi mwenyewe ni kitoto. Sasa yeye atakuwa wapi?"

Nikaweka kijiko chini. Nilikuwa nimefanya hesabu za umri wa watu zaidi ya mia, na sikuwa nimefikiri kwamba ndani ya kila namba kuna watu wengine wamekaa. Aliendelea kupepeta. Baada ya muda alisema, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mwenzake, kwamba nisimwonee huruma kupita kiasi, kwani yeye hakusubiri chama. Aliinuka, akanipeleka chumbani kwake, ambako sikuwahi kuingia. Kitanda chake kilikuwa cha juu, na chini yake palikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba. Alilifungua. Juu kulikuwa na kanga mbili mpya, chini ya kanga chupa ya marashi, karafuu kwenye kitambaa, kafuri, na chini ya vyote hivyo bafta nyeupe iliyokunjwa kwa uangalifu mkubwa. Alisema ni sanda yake, na maji ya kumwosha tu ndiyo hakuweza kuyaweka humo. Wazee wengi wa mtaani wanazo, alisema, nani atakubali kukatiwa kitambaa kwa haraka na watu wanaolia?

Nilishika ukingo wa ile bafta. Upande mmoja ulikuwa na pindo lake. Upande wa pili pindo lilikuwa limechanwa, utepe wa upana wa kidole.

"Hii ulinunua kwa Mzee Awadhi?"

"Kwa nani tena?"

"Lini?"

"Hii mwaka jana, mwishoni. Lakini hii ni ya tatu." Alisema hivyo kama mtu anayetaja kanga iliyochakaa. Ya kwanza alimpa hamali mmoja kutoka bara, Athumani, aliyeangukiwa na mzigo sokoni, hakuwa mwanachama wala hakuwa na mtu. Ya pili ilimfaa binti aliyekufa kwa uzazi, mumewe yuko safarini. Kila alipotoa moja alikwenda kununua nyingine, na Mzee Awadhi alikata bila kuuliza, akafunga mafundo mawili, kwa kuwa mnunuzi ni mzee.

Nilikaa kwenye sakafu. Katika jedwali langu, lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, Bi. Chausiku alikuwa amekufa mara tatu.

Sikumbuki nilivyofika Narung'ombe, nakumbuka tu kwamba ofisini sikwenda, na ndiyo siku pekee niliyowahi kukosekana kazini bila ruhusa. Mzee Awadhi alikuwa anafungua milango. Nilimsalimu vibaya, nikamuuliza kama zile tepe ni za watu waliokufa.

"Ni za sanda," alisema.

"Mzee, nilikuja kukuuliza waliokufa."

"Uliniuliza nimekata sanda ngapi, mwanangu. Nikakupa. Waliokufa hukuniuliza." Alitazama uso wangu, akaacha milango nusu wazi, akaja kukaa. "Mimi nawasomea wote. Waliokwisha kuvaa na watakaovaa. Kwangu mimi hawana tofauti. Kwako wewe wanayo?"

Nikamwambia tofauti iliyopo, na nini kingetokea baada ya siku kumi na tatu. Aliinuka. Kisha alishusha nyaya. Kwa jioni tatu mfululizo, baada ya Alasiri, tulikaa kwenye mkeka nyuma ya meza, yeye akishika utepe mmoja mmoja. Sikujua kama mtu anaweza kukumbuka hivyo. Huu alikuja kuununua mwenyewe, akalalamika bafta ni nyepesi. Huu walikuja wanawe wawili, mdogo analia, mkubwa anamkataza. Huu mwenyewe yuko hai, jana tu amenipita na kikapu cha pilipili. Mahali aliposita alimtuma mtu akaulize nyumbani. Kila utepe wa mtu aliye hai niliutia alama ya wino, na zilipokwisha thelathini na moja nilikuwa nimetia alama kumi na nane: kumi na nne ziko kwenye masanduku chini ya vitanda, nne walivishwa watu ambao hawakuwa wazee wala wanachama. Waliokufa kweli walikuwa kumi na watatu katika miaka mitatu. Mmoja katika kila kumi kwa mwaka, au zaidi kidogo. Kwenye jioni ile ya tatu kahawa ilikuwa chungu kuliko kawaida, na Mzee Awadhi, aliyekuwa hachekicheki, aliniuliza kama katika vitabu vya Ulaya kuna safu ya watu waliokufa na wakaja kununua pilipili.

Bwana Pereira nilimwambia kabla ya mkutano. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza, akasukuma nusu ya mkate upande wangu, akasema kwamba mara zote mbili mtihani ulimwangusha kwenye swali moja, lile linalouliza namba umezitoa wapi. 

Siku ya mkutano baraza ilijaa mpaka barabarani, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba wazee wanatolewa, na wazee wenyewe walikuja, wamevaa kanzu za Ijumaa, wamekaa kimya mbele. Nilisimama na karatasi. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu kuhusu chanzo cha namba na aina za makosa. Nilipowaona wamekaa vile, maelezo yakaniacha. Nikasema tu kwamba jedwali nililosoma ni la uongo, na mwongo ni mimi, kwa kuwa nimewahesabu wazima pamoja na wafu.

Mshamu alikuwa wa kwanza. "Karani, hao wafu wako wamefufuka lini? Juzi au jana?"

Watu wakacheka, na nikaona kwamba akiachiwa ataumaliza mkutano kwa mzaha. Sikuwa na dawa nyingine ila utaratibu. Nikatoa orodha ya zile tepe kumi na nane, nikaanza kusoma jina la mnunuzi wa kila moja. Jina la kwanza lilikuwa la mzee mmoja muuza pilipili. Yeye, kutoka safu ya mbele, akasema, "Nipo." Nikasoma la pili. "Nipo." La tatu mwenyewe hakusikia vizuri, jirani yake akamgusa goti, naye akauliza ameitwa na nani, akaambiwa, akasema yupo, kwa nini asiwepo. Kicheko kilibadilika. Kufikia jina la kumi watu walikuwa wanasubiri kila jibu kama wanavyosubiri kutajwa kwa ndugu zao. Nikafika mwisho.

"Bi. Chausiku," nilisoma. "Bi. Chausiku. Bi. Chausiku."

Alikuwa mlangoni na birika la chai mikononi. "Nipo, nipo, nipo," alisema. "Nipisheni, linachoma."

Mzee Kondo akauliza kwa nini huyu ameandikwa mara tatu. Nilimtazama Bi. Chausiku kutafuta ruhusa, hakunipa wala hakuninyima, alikuwa anamimina. Nikaeleza sanda ya binti wa uzazi. Nikaeleza ya Athumani. Hapo Mshamu, aliyekuwa ameegemea nguzo, akasimama wima. Athumani alikuwa mwenzake wa kubeba, walisaidiana mizigo miaka miwili. Mahamali walimchimbia, lakini sanda waliikuta tayari, na hawakuwahi kuuliza imetoka wapi; walidhani imetoka sokoni, kwa wenye mzigo.

"Athumani tulimzika na ya kwako, Bibi?"

"Alikuwa mrefu," alisema Bi. Chausiku. "Haikumfika vizuri miguuni. Jambo hilo mpaka leo linanisumbua."

Mshamu akaenda mlangoni, akampokea birika. Mzee Kondo alipouliza wanaotaka wazee watolewe wanyooshe mikono, iliinuka michache, ya watu waliokuwa wamekuja na uamuzi wao. Na wiki iliyofuata watano kati yao wakajitoa kwenda kuanzisha chama chao. Sikuwalaumu. Migongo yao ilikuwa inauma kweli, na namba sahihi haikupunguza hata kaburi moja kati ya yale waliyoyachimba. Lakini orodha ilibaki kama ilivyokuwa, na kwa desturi iliyoanza bila kutangazwa, Mshamu ndiye aliyemchotea Bi. Chausiku maji kila asubuhi mpaka alipohama. Mimi nikawa nakula uani, bila kitabu.

Bi. Chausiku aliishi miaka kumi na mmoja baada ya mkutano ule. Sanda ya tatu aliitoa pia, na ya nne, nami nilizijua zote kwa sababu nilifuatana naye dukani. Alizikwa na ya tano, iliyokuwa ndefu kuliko alivyohitaji. Alitaka iwe hivyo, endapo ingebidi aitoe kwa mtu mrefu. Bwana Pereira alifaulu mtihani alipoujaribu mara ya tatu, akarudi kwao, akaniachia kitabu chake chenye madoa ya pilipili. Mimi sikufanya mtihani wowote. Nimekuwa tu yule mtu ambaye vyama vya kuzikana humwendea, kutoka Ilala mpaka Mchikichini, vikitaka kujua vijiandae kiasi gani, na kabla sijagusa kalamu mimi huomba kwanza nifunguliwe masanduku.

Na Mzee Awadhi, tangu mwaka ule, aliongeza kitu kimoja katika kazi yake. Kila aliyekuja kununua sanda alimuuliza, bila kuona haya, kama ni ya aliyelala au aliyesimama. Utepe wa aliyelala ulitungwa kwenye waya. Wa aliyesimama uliandikwa jina kwa wino na kuwekwa kwenye kopo la kahawa, ukasubiri humo mpaka siku yake. Alhamisi aliushika waya kwa mkono wa kulia na kopo kwa mkono wa kushoto, akawasomea wote pamoja, kwa maana katika hilo hakubadili rai yake.

Ijumaa ile nililifungua kopo mbele ya Salimu. Zilikuwamo tepe ishirini na tatu. Nilizitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikaupata wenye jina la baba yake, mafundo mawili, umekazwa kwa mkono wa mtu aliyezoea. Nilimpa Salimu autunge. Akatikisa kichwa, akanirudishia. Kwa hiyo nikachukua waya wa mwaka huu, nikaunyoosha ncha, nikautunga mwenyewe baada ya utepe wa mwisho, na tukausomea Fatiha. Kisha nikazikusanya zile nyingine nikazirudisha koponi, nikazihesabu tena nikizirudisha, ishirini na mbili, na nikafunga kifuniko vizuri, kwa sababu mmoja kati ya hizo ni wangu.